Mabua Waliyoyaacha Ng'ombe

Wiki moja baada ya Daktari Mulwa kuzikwa, Nekesa alinialika kwenye nyumba aliyofikia Kilimani kwa chakula cha mchana, na hata kabla sijavua viatu mlangoni akaniuliza, "Wambui, unakumbuka ile sukari ya Mama Shiru?" Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilikuwa na leso mbili mkobani na maneno ya pole niliyoyapanga tangu nikiwa kwenye lifti, maana yeye mazishi yalimpita; ndege yake ilichelewa kutoka huko ng'ambo alikoishi miaka yote hii, akafika akakuta watu wameshatawanyika. Badala ya kulia nikaangua kicheko pale pale, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka jirani wa mkabala akachungulia kuona kuna nini. Nekesa akanivuta ndani, naye akaanza. Wanawake wawili wenye mvi tukacheka tumeegemea friji huku mzee wetu ana wiki moja tu kaburini, na wala sikuona haya. Yeye mwenyewe alicheka mbele yetu mara moja tu mwaka ule mzima, na alicheka kwa sababu ya mabua ya huyo huyo Mama Shiru. Tulikula samaki aliyekaangwa, tukasahau kuosha vyombo, na jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine tukiwa bado tunaongea juu ya mwaka mmoja wa ujana wetu.

Mwaka huo nilikuwa na digrii moja na njia mbili mbele yangu. Njia ya kwanza ilikuwa ya ualimu. Madam Gathoni, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana nilikokuwa nimefanyia mazoezi ya kufundisha, alikuwa amenipenda, na alikubali kunishikia nafasi ya mwalimu wa kemia kwa mwaka mmoja ili nitoe hamu yangu ya utafiti. "Mwaka mmoja, Wambui," aliniambia. "Wasichana wangu hawawezi kungoja ukichezea majani." Njia ya pili ilikuwa maabara ya Daktari Mulwa, pale chuoni, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji. Daktari alinipokea kwa majaribio. Nekesa alikuwa amenitangulia na nafasi yake ilikuwa salama, lakini mimi niliambiwa wazi siku ya kwanza, nikiwa nimesimama, kwamba shule zikikaribia kufunguliwa Januari ataniambia nibaki au niende. Nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikuwa na sababu ya kishujaa. Nilikuwa nimeweka jicho kwenye hadubini yake, nikaona kipande cha bua la mahindi kimekatwa chembamba kama karatasi ya sigara, zile seli zimepangana vyumba kwa vyumba, na nikajua kwamba nikienda kusahihisha madaftari nitakuwa nikiviwazia vyumba hivyo hadi uzeeni.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu walidhani tunapika pombe. Bua kavu la mahindi limejaa sukari, lakini si sukari ya kulamba. Imefungwa ndani ya kuta za seli. Daktari alipenda kutueleza kwa mfano wa majengo yaliyokuwa yakichomoza kila upande wa Nairobi: ukuta wa seli una nondo na una zege. Nondo ni selulosi, minyororo mirefu ya sukari iliyoshikana. Zege ni lignini, kitu kigumu kinachomwagwa katikati mmea unapokomaa, na ndicho kinachofanya bua lisimame wakati wa upepo. Tulikuwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoweza kuikata ile minyororo ikawa sukari ya kawaida, na sukari ikishapatikana hamira inaigeuza kuwa spiriti ya kuwasha jiko au kuendesha injini. Shida ni kwamba vimeng'enya havipenyi zege. Kazi yetu ilikuwa kuchunguza kuta hizo, bua kwa bua, na kutafuta zile zinazofunguka, ili mtu atengeneze mafuta kutokana na kile kinachobaki shambani bila kugusa mahindi yenyewe. Miezi ya kwanza tulitumia mabua tuliyoletewa kutoka kituo cha utafiti, yakiwa yameshaoshwa na kukaushwa, na yalitupa sukari kidogo sana, ya kuaibisha. Dawa yetu ya kupimia ilikuwa ya njano, nayo hugeuka kahawia kadiri sukari inavyozidi. Kila tulipoitoa kwenye maji ya moto ilibaki njano, kana kwamba hatujafanya kitu.

Tulikuwa tunakaa Waithaka, mimi na Nekesa, chumba kimoja kwenye ploti ya Mama Shiru. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa ndio ukuta wa zizi, na usiku na mchana tuliwasikia ng'ombe watatu wakitafuna upande wa pili, taratibu, kama watu wanaosengenya. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, pazia la maua katikati, na jiko la mafuta taa lililokuwa chanzo cha vita yetu pekee. Mimi nilipika githeri, yale mahindi na maharagwe, na nikaweka igata, yaani magadi, ili yaive haraka. Nekesa alisema githeri yangu ina ladha ya sabuni. Yeye alipika mrenda, mboga ya kwao, na kuulainisha alitumia musherekha: majivu ya maganda ya maharagwe, yanawekwa kwenye mkebe wenye matundu, yanamwagiwa maji, na yanayodondoka chini ndiyo anayotia kwenye sufuria. Mkebe ule ulining'inia mlangoni na uliwahi kunidondokea kichwani nikienda kazini. "Hiyo maji yako ya jivu itatuua," nilimwambia. "Na hiyo mawe yako je?" akanijibu. "Mtu anapika chakula na mawe na bado anaongea!" Mama Shiru alikuwa akitusikia kupitia mbao za zizi na alichangia bila kualikwa. "Nyinyi wasichana wa chuo," alipaza sauti, "si muolewe mpigane na bwana, muache kupigana na mboga."

Daktari alipochoka na mabua ya kituo alisema tutafute mabua ya wakulima wa kweli, wale wa pembeni ya jiji. Mimi nilirukia. Jioni hiyo hiyo nilimwomba Mama Shiru gunia moja la mabua yake, nikamweleza ni ya kupimwa chuoni. Alinitazama kwa furaha ambayo sikuielewa wakati ule. "Ya chuo? Basi niachie mimi," akasema. Kesho yake nilikuta gunia mlangoni, limefungwa kwa kamba safi, na mabua yamekatwa yakalingana. Tukayakausha, tukayasaga kwenye kinu mpaka yakawa unga, tukautia vimeng'enya, tukangoja. Siku ya kupima, Nekesa alichovya chupa kwenye maji ya moto na ile dawa ya njano ikaanza kubadilika mbele ya macho yetu. Ikawa rangi ya machungwa. Ikawa kahawia. Ikawa kahawia iliyokolea kama chai ya rangi. Nilipiga ukelele uliowatoa watu wa maabara ya jirani, nikamkumbatia Nekesa, nikamkumbatia mwanamume niliyekuwa simjui aliyekuja kuuliza kama kuna moto. Daktari Mulwa alikuja mikono nyuma, akainama juu ya chupa, akasema neno moja tu: "Rudieni." Tukarudia. Kahawia tena. Akatualika nyumbani kwake Kitisuru kwa chakula cha Jumapili. Nekesa aliniambia kwamba tangu amjue hajawahi kumwalika mtu.

Kitisuru ilikuwa dunia nyingine. Njia ndefu yenye ua wa miti pande zote, kimya mpaka unajisikia unapumua, na nyumba yenye varanda pana ambapo mke wake, Mama Mueni, alitukaribisha kwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kuku na chapati zilizokunjwa kwenye kitambaa. Nilikula kama mtu anayesherehekea harusi yake mwenyewe. Baadaye nilibeba sahani kuzipeleka jikoni, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi upande wa varanda, nikasikia Mama Mueni akiuliza, "Kwa hivyo huyu mdogo anabaki?" Nikasimama na sahani zangu, sikuthubutu hata kuziweka chini. Daktari alichukua muda wake. "Ana moto sana," akasema. "Darasani moto huo utasaidia watoto wengi. Kumnyima Madam mwalimu kama huyo, lazima niwe na sababu." Mkewe akasema si sababu ipo, si amepata sukari? "Sukari iko," Daktari akajibu. "Lakini imekuja rahisi. Mimi sukari ambayo haijanitoa jasho, I don't trust it." Leo nikimkumbuka ndiyo sauti ninayoisikia, ile ya kutokuwa na haraka. Siku ile nilimwona mzee mwenye roho ngumu, nikaosha zile sahani kwa hasira kiasi kwamba nilikwaruza moja.

Tulirudi Waithaka bado jua liko juu, na kwa kuwa nilikuwa na furaha inayotaka mahali pa kwenda, nikapitia zizini kumshukuru Mama Shiru. Nilimkuta ameinama juu ya hori, mtungi wa plastiki mkononi, akinyunyizia mabua kitu cheusi kizito. Harufu yake ilikuwa tamu. Nikamuuliza ni nini, ingawa pua ilikuwa imeshaniambia.

"Molasi," akasema, akimwelekezea kidevu ng'ombe wa karibu. "Bila hii Kanini hawezi kula mabua. Ana maringo."

"Na yale ya gunia langu, Mama Shiru? Uliyatoa wapi?"

"Si hapa tu. Nilikuchagulia zile poa, za juu, laini. Zile ngumu nikaacha." Akaninyooshea mtungi kwa fahari. "Na nikaweka kidogo ya hii. Ndio ziwe na utamu."

"Mama Shiru! Kwa nini?"

Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Kwani mimi ni mtu wa kupea watu wamesoma takataka? Unabeba kitu kutoka kwangu unaenda nayo chuo, halafu waseme kwa Mama Shiru hakuna kitu poa? Hapana. Mgeni hapewi makombo."

Nekesa alikuwa nyuma yangu. Nilisikia kitu kama kikohozi, kisha nikamwona ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yanamtoka. "Woi, Wambui," alisema akishika mbavu. "Tumepima chakula ya Kanini tukaita science." Sikucheka. Nilikuwa nimejiona tayari nimebaki, nimeshachagua hata msumari wa kutundikia koti langu maabarani, na sasa kumbe sukari yote iliyonipeleka Kitisuru ilitoka kwenye mtungi wa plastiki. Nilimgeukia Mama Shiru nikitafuta pa kumwagia hasira, na sikupata, maana alikuwa akinitazama kwa wasiwasi wa mtu aliyepika chakula na mgeni akakitema. Akasema kwa upole, "Lakini ata mimi kuna kitu sielewi. Mkianza kuchukua mabua yote mnaenda kutengeneza hiyo mafuta yenu, hawa watatu watakula nini?" Tangu mwanzo wa mwaka tulikuwa tukiyaita mabua mabaki, kitu kilichozagaa bila mwenyewe, na Waithaka nzima hapakuwa na bua lisilokuwa na mdomo unaolingoja. Ndipo nikaangalia ndani ya hori. Kanini alikuwa amemaliza. Amekula majani, amekula ncha laini, na ameacha kule chini rundo la vipande vya mashina, vigumu, vyeupe, vimelambwa molasi yote lakini havikutafunika. Mama Shiru huwa anavikusanya anavichoma. Hivyo havikuwa na mdomo wowote unaovingoja. Niliingiza mikono yote miwili horini nikiwa na nguo zangu za Jumapili.

Jumatatu nilimwambia Daktari yote, kwa pumzi moja, molasi na Kanini na hori, na kabla hajasema neno nikamwagia mezani vile vipande nilivyokuwa nimeviosha mpaka vidole vikakunjamana. Hakukasirika. Aliuliza tu kama tulikuwa tumepima chupa moja bila vimeng'enya. Hatukuwa tumepima. Tukapima mbele yake, na chupa ambayo haikuwa na kitu cha kukata ukuta wowote ikageuka kahawia ile ile. Akachukua kipande kimoja cha shina, akakigonga mezani, kikalia kama kijiko. "Hizi ni kuni," akasema. "Wambui, yale mabua ya kituo angalau yanatoa kitu kidogo. Si kingi, hakitoshi mimi kukuweka hapa, lakini utaondoka na kazi safi. Hizi, hata ng'ombe mwenye matumbo manne zimemshinda. Unaweza kumaliza mwaka huna kitu." Nikamwambia nataka hizo. Nikamwambia mafuta yakitoka kwenye kitu ambacho hata ng'ombe amekataa, hakuna mtu atakayelala njaa wala mnyama. Alinitazama juu ya miwani, akasema haya, Januari si mbali.

Na kweli vilinishinda. Nisidanganye kwamba wiki zile zilikuwa za raha, ingawa hata kushindwa kwenyewe kulikuwa na joto lake. Niliamka kila asubuhi nikitaka kukimbia kwenda kuona jinsi nilivyoshindwa. Tulikuwa na dawa inayopaka lignini rangi nyekundu, na chini ya hadubini mashina yale yalikuwa mekundu kutoka kona hadi kona, zege tupu. Tulisaga laini zaidi. Tulichemsha. Tuliongeza vimeng'enya mpaka Nekesa akasema tutaanza kuvikopa kwa majirani. Dawa ya sukari ikabaki njano kama kiini cha yai la kienyeji. Mchana mmoja wa Jumamosi nilikuwa nimejilaza kitandani natazama mabati, sina hata nguvu ya kugombana, na Nekesa anapika. Alikuwa amepata kunde zilizozeeka, na shina la kunde iliyozeeka ni kamba. Nikamwona akitia maji yake ya jivu, akafunika, na baada ya muda akachukua shina moja kwa vidole na kulibonyeza. Likapondeka. Alifanya hivyo kila wiki mbele yangu tangu nihamie na mimi nilikuwa naona tu uchafu wa mkebe. Nikakaa kitako.

"Nekesa. Hiyo shina ilikuwa ngumu."

"Ilikuwa. Ndio maana naweka musherekha. Kwani leo ndio unaona?"

"Imelainishwa na nini?"

Akageuka kunijibu kwa dharau, mwiko mkononi, halafu mdomo wake ukabaki wazi. Alikuwa mwanakemia kabla yangu. Tukatazamana. "Shika sufuria," akasema, "kabla sijaungua." Chakula kile hatukukila. Tulipokonyana ule mkebe, tukaenda kwa Mama Shiru kuomba maganda yote ya maharagwe aliyonayo, tukayachoma nyuma ya zizi, na jioni hiyo vipande vya shina vilikuwa vinaogelea kwenye ndoo ya maji ya jivu huku sisi tumevikalia kama kuku. Niliendelea kumwambia Nekesa, na yeye akiniambia mimi, kitu kile kile kwa maneno tofauti: kwamba igata yangu na jivu lake ni ndugu, vyote alikali, kwamba bibi zetu wote wawili walikuwa wanavunja zege kila siku kwa ajili ya chakula, kwamba hatununui kitu, kwamba maganda ya maharagwe nayo ni yale yale mabaki. Jumatatu maji ya ndoo yalikuwa meusi kama kahawa. Lignini ilikuwa imetoka. Tulikata kipande, tukapaka ile dawa nyekundu, na chini ya hadubini kuta zilikuwa zimepauka, na wekundu umebaki pembeni tu kama mdomo uliofutwa rangi. Nilitaka kupiga ukelele. Nekesa akaniziba mdomo kwa kiganja. "Safari hii," akasema, "tunaosha. Na tunapima jivu peke yake. Na tunapima bila vimeng'enya. Usinilete aibu tena." Tukaosha mpaka bomba likachoka. Chupa ya jivu peke yake ikabaki njano. Chupa isiyo na vimeng'enya ikabaki njano. Chupa ya mashina yaliyokataliwa na Kanini, yaliyolala kwenye maji ya jivu, ikapita njano, ikapita machungwa, ikawa kahawia.

Daktari Mulwa alisikiliza, akatazama chupa zote tatu, na badala ya kusema rudieni akachukua funguo za gari. Alitaka kuchukua mashina kwa mkono wake. Mvua ilikuwa imenyesha na matope mekundu ya Waithaka yakamla viatu mpaka vifundoni, naye yuko na suti na tai, na Mama Shiru alipomwona anaingia getini nusura apige magoti. "Mama, nimekuja kuomba yale mabua mabaya," Daktari akasema. "Yale ng'ombe wameacha." Mama Shiru akanitazama mimi kama niliyemleta mwendawazimu. "Daktari mzima nikupee makombo ya ng'ombe? Majirani wataniona aje?" Wakavutana kwa heshima pale penye hori, yeye akisema mabaya, mama akisema hapana, mpaka Daktari akainama na kuanza kuyatoa mwenyewe. Hapo mama akakubali, kwa sharti aingie ndani anywe chai kwanza. Akanywa. Aliporudi gunia lilikuwa limeshafungwa. Tulifika maabarani, akalifungua juu ya meza, akatoa mashina magumu juu, akatoa tena, halafu akaingiza mkono chini na kuvuta kiganja cha majani laini mabichi, yanang'aa molasi. Alisimama akiyatazama vidole vikinata. Kisha bega likaanza kutikisika. Tulidhani ameugua. "Amenishinda," akasema, akicheka mpaka akavua miwani. "Yule mama amenishinda kwa chai!" Alirudi kesho yake na gunia lake, akalijaza mwenyewe, akakataa chai, na Nekesa anaapa kwamba Mama Shiru hakumsamehe kwa hilo.

Kisha akatufukuza maabarani. Alifanya jaribio lote peke yake, kuchoma maganda, kuloweka, kuosha, kupima, na mimi nilizunguka mjini nikitazama madirisha ya maduka bila kuona kinachouzwa, nikila mahindi ya kuchoma bila njaa. Kila njia ilikuwa imejaa wazazi na watoto wakinunua sare na masanduku ya bati, maana shule zilikuwa zinafunguliwa. Nilikuwa na begi langu limepangwa chini ya kitanda. Siku aliyoniita ofisini nilimkuta amekaa, mikono yake imeingiwa na weusi wa jivu kwenye mistari ya viganja, na simu iko mbele yake, kando ya chupa iliyogeuka kahawia. Hakuniambia niketi. Aliniomba namba ya Madam Gathoni, nikaitaja, akaibonyeza moja moja.

"Madam, hujambo. Mulwa hapa, wa chuo. Nina mwalimu wako." Akasikiliza. "La, la, hajafanya kosa lolote. Nimekupigia kwa sababu nataka kumwiba, na sipendi kuiba bila kubisha hodi." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, kisha akaninyooshea simu. "Anataka kuisikia kwako."

Sauti ya Madam ilikuwa kavu. "Wambui, wasichana wanaripoti kesho. Unakuja ama huji?"

"Siji, Madam."

"Umefikiria vizuri? Kuna mtu ameketi hapa nje na vyeti vyake. Hii nafasi nikimpea, sitakuwa na ingine."

Mlango ulikuwa wazi na nilimwona Nekesa kule ndani akisimama na chupa mikononi, ameacha hata kujifanya anafanya kazi. "Mpe, Madam," nikasema. "Tafadhali mpe leo." Akasema basi Mungu akusaidie huko kwenye majani yako, na simu ikakatika. Nilikuwa sina pa kurudi tena. Nikairudisha simu mezani. Daktari aliinuka, akanisogezea kiti chake, akanibonyeza bega mpaka nikaketi. Kisha akakunja mikono ya shati akaenda maabarani, nami nikamsikia kule penye bomba akimuuliza Nekesa sabuni ya kuoshea chupa iko wapi.